Nibu Nene ya Mwalimu Rula

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila kupigiwa kura na mtu yeyote, natangaza rasmi kwamba katika historia ya binadamu hakuna uamuzi mzito kuliko kuchagua nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino. Vita, ndoa na mitihani vyote vinafuata nyuma.

Maneno hayo niliyatamka bwenini siku ya Jumatatu, nikiwa nimesimama juu ya sanduku langu la bati, shuka begani. Umati uliokusanyika ulikuwa wa watu watatu, na mmoja wao alikuwa amefuata ndoo yake niliyoiazima bila kumwambia.

"Mheshimiwa," akasema, maana hilo ndilo jina wanaloniita, "na shuka hilo pia ni langu."

Lakini sikuwa natania. Nilikuwa na hasira. Wenzangu wakiwa na hasira hulia au hukataa kula. Mimi huhutubia.

Kilichonikasirisha kilikuwa kimebandikwa kwenye mlango wa darasa letu la kidato cha tatu. Mhariri mpya wa gazeti la ukutani angepatikana Ijumaa, saa nane mchana. Kila mgombea angeandika ukurasa mmoja mbele ya mwalimu. Nibu nene tu. Ukurasa wenye doa utachanwa. Chini yake palikuwa na sahihi ya mwalimu wetu wa Kiswahili, iliyopigiwa mstari mara mbili. Tunamwita Mwalimu Rula kwa sababu hupiga mstari chini ya kila kitu, hata jina lake, na inasemekana akilala hujinyoosha sambamba na ukingo wa kitanda.

Gazeti lenyewe ni karatasi moja kubwa inayoandikwa kwa mkono na kubandikwa nje ya bwalo kila baada ya wiki mbili. Mhariri ndiye anayeamua kinachoingia. Kwa miaka miwili na nusu binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu, amekuwa akipeleka hadithi zake na kurudishiwa na ujumbe uleule: nafasi haitoshi. Nafasi ilitosha kwa matokeo ya netiboli. Ilitosha kwa shairi la mhariri kumhusu mhariri. Kwa hadithi za binamu yangu, haikutosha. Sasa alitaka kiti chenyewe. Na kwa kuwa wahariri huchaguliwa kidato cha tatu tu, ilikuwa Ijumaa hiyo au basi tena.

Binamu yangu anaitwa Shoto, na jina linajieleza. Anayeandika kwa mkono wa kulia huyaacha maneno nyuma ya mkono wake, yakauke kwa raha zao. Mkono wa Shoto unayafuata maneno njiani na kuyapanguza kabla hayajakauka. Nibu nene humwaga wino mwingi, na wino mwingi huchelewa kukauka. Akiandika kwa nibu nene, mstari wa tatu unakuwa ukungu, na kiganja chake kinafanana na cha fundi magari.

Jambo hili shangazi alilijua tangu likizo, alipotupeleka kununua kalamu. Duka la vifaa vya shule lilikuwa na aina moja tu tuliyoweza kuimudu: kalamu ya plastiki, kifuniko cheusi, nibu ya chuma inayovutwa kwa vidole na kung'oka kama jino bovu. Zilikuwepo nyembamba, za kati na nene. Muuzaji akatupa karatasi nyeupe laini ya kujaribia. Nikashika nene na kupiga sahihi kama waziri anayefungua daraja. Nikaipenda papo hapo.

Shangazi ni mshonaji. Aliiangalia ile karatasi laini kama anavyoangalia kitambaa cha mtu anayemdanganya.

"Bwana, shuleni wanaandikia karatasi hii?"

"Hapana mama, hii ni ya kujaribia."

"Basi lete daftari lao. Siwezi kupima sindano ya kaniki kwenye hariri." Muuzaji akaleta daftari la kawaida, lile ambalo wino hupenya hadi ukurasa wa nyuma. Shangazi akamgeukia bintiye. "Andika, mwanangu. Usiandike jina lako, jina kila mtu analiandika vizuri. Andika mistari mitano ya kitu chochote, kwa haraka, kama mwalimu amekusimamia."

Shoto akajaribu zote tatu, mistari mitano mitano, kisha akageuza kiganja. Nene: kiganja cheusi. Ya kati: kivuli tu. Nyembamba: safi kabisa. Akachagua nyembamba, akaibeba hadi nyumbani kama yai.

Sasa Mwalimu Rula alikuwa amefuta yote hayo kwa maneno matatu mlangoni.

Jumanne tulimfuata ofisini. Msemaji alikuwa Shoto; mimi nilikuwa nusu hatua nyuma yake, nikitoa moshi. Shoto akamwonyesha kalamu yake.

"Mwalimu, naomba niandike kwa hii. Ni nyembamba, lakini haichafui."

Akaipokea, akaitazama nibu, akairudisha. "Gazeti linasomwa na watu waliosimama na sahani mkononi, hatua sita kutoka ukutani. Nibu hii ni ya kuandikia siri. Itakuwa nene kwa wote."

"Lakini mwalimu," nikasema, "na anayeandika kwa mkono wa kushoto?"

"Ana mkono wa kulia pia," akajibu. "Nimeuona."

Nilihisi masikio yanachemka. Na Shoto, badala ya kuangusha ofisi, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Nilishikilia ulimi wangu mpaka tulipofika kwenye bomba la maji.

"Umemshukuru! Mtu amekukaba koo nawe unamwambia ahsante!"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Mwambie akaandike yeye kwa mguu! Ana miguu miwili, nimeiona!"

Shoto hakucheka. "Mimi nataka ukurasa, sitaki ugomvi. Nitaazima nene, nitafanya mazoezi ya kuinua mkono. Na wewe usifanye lolote."

"Mimi?"

"Wewe. Ule mchezo wa chumvi kwenye bakuli la sukari, nani aliyefagia bwalo wiki nzima?"

"Tulifagia wote."

"Na mimi nilikuwa nimefanya nini?"

Hakuwa amefanya kitu. Alikuwa ameketi karibu nami.

"Kaa kimya mpaka Ijumaa ipite," akasema. "Hilo tu."

Niliapa, na mkono niliuinua.

Siku tatu nilimtazama akifanya mazoezi kwa kalamu nene aliyoazima kwa yule mwenye ndoo na shuka. Aliinua kiganja hewani mpaka bega likamtetemeka. Alilaza daftari kwa upande. Aliandika neno, akapuliza, akaandika neno, akapuliza, kama anayekunywa uji wa moto. Kila ukurasa ulikuwa na doa. Hakulalamika hata mara moja, na nadhani hilo ndilo lililonitia wazimu. Hasira yake hakuitumia, nikajitwalia mimi, nikaongeza kwenye yangu.

Ijumaa, saa nne, wakati wa chai, nilitumwa kupeleka madaftari ofisini kwa Mwalimu Rula. Hapakuwa na mtu. Mezani, karibu na kikombe cha maua ya zambarau, palikuwa na kalamu yake, ile ile ya plastiki kama zetu, kwa sababu hupenda kutuambia kwamba mwandiko hauko kwenye bei. Ilikuwa imejaa wino mwekundu wa kusahihishia, na ilikuwa na nibu nene. Mfukoni mwangu palikuwa na kalamu ya Shoto, nyembamba, ambayo nilikuwa nimeitoa kwenye dawati lake asubuhi. Nilijiambia kwamba sikujua kwa nini nimeitoa. Nilijua.

Kazi yote haikuchukua hata dakika. Nikang'oa hii, nikang'oa ile, nikabadilisha. Nibu yake nene iliyolowa wekundu ikaingia kwenye kalamu ya Shoto; nibu nyembamba ya Shoto ikaingia kwenye kalamu ya mwalimu. Jioni angeketi kusahihisha kurasa za wagombea, avute mstari wake mpendwa chini ya jambo fulani, utoke mwembamba kama unywele. Aone alivyo mtu anayelazimishwa nibu isiyo yake. Nilirudi darasani nikitembea kama jaji, nikairudisha kalamu ya Shoto mahali pake.

Saa nane tulikuwa wagombea watano. Nami nilijiandikisha, kwa sababu asiyegombea hakuruhusiwa kukaa ndani. Mwalimu Rula akagawa karatasi. Shoto akafungua kalamu aliyoazima, na kabla haijagusa ukurasa, tone likadondoka kwenye dawati. Kisha la pili.

Mwalimu akasogea. "Hiyo inavuja." Akatoa kalamu yake mfukoni. "Chukua yangu. Nayo ni nene. Wekundu usikusumbue. Sitaki kesho niambiwe nimekuonea."

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi.

Shoto akaandika neno la kwanza. Akasimama. Akaitazama nibu, akamtazama mwalimu, ambaye alikuwa amegeukia dirisha. Kisha usoni mwake pakapita kitu ambacho sikuwa nimekiona wiki nzima, akainama na kuandika. Aliandika bila kupuliza. Mkono ulilala karatasini na kutembea. Nilikuwa nyuma yake, ukurasa wangu mtupu, nikijaribu kukumbuka sala yoyote inayohusu vifaa vya ofisini.

Muda ulipoisha, mwalimu akauchukua ukurasa wa Shoto. Mistari ilikuwa myembamba, myekundu, safi. Akaichukua kalamu, akafungua kifuniko, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii si nibu yangu."

Akamgeukia Shoto.

"Shule nzima nimeona nibu nyembamba moja tu, na uliniletea wewe Jumanne. Kalamu yako iko wapi?"

Shoto akaitoa kwenye dawati. Mwalimu akaing'oa nibu. Ilikuwa nene, na mifereji yake ilikuwa myekundu. Sikuiosha. Mwaka mzima najidai bingwa wa mizaha, na kumbe sijui hata kuosha nibu.

"Nilikuwa nikikuheshimu," Mwalimu Rula akasema, taratibu. "Uliponishukuru Jumanne nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, yule binti ana adabu."

"Mwalimu, sikuigusa."

"Uliona nibu si nene, ukaendelea kuandika."

"Niliona." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani umeibadilisha wewe. Nilidhani umenihurumia na hutaki wenzangu wajue."

Mwalimu alishika ukurasa kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kuuchana. Nikasimama.

"Mwalimu, naomba kutoa hoja." Sauti ilikuwa ile ya juu ya sanduku, sikuwa na nyingine. "Haki haiwezi kukimbia bila viatu. Ofisi haifungwi wakati wa chai. Mtu yeyote, nasema yeyote, angeweza kuingia saa nne, akaikuta kalamu imelala karibu na kikombe cha maua ya zambarau, na—"

"Kikombe kipi?"

"Cha maua ya zambarau."

"Kikombe hicho nimekileta leo," akasema. "Na baada ya chai nimekifungia kabatini. Umekiona lini?"

Mdomo huponza kichwa. Niliutafuta ulimi wangu, ambao haujawahi kuchelewa kazini, na haukuwepo.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitoa kalamu yake bila yeye kujua, nikabadilisha nibu. Yeye hajafanya kitu."

Mwalimu Rula hakunifokea. Heri angefoka. Alichukua gundi, akabandika ukurasa wa Shoto ukutani, akarudi nyuma hatua sita, akihesabu kwa sauti. Akasoma kwa muda mrefu, shingo imetangulia mbele.

"Kichwa cha habari nakisoma," akasema hatimaye. "Mistari ya chini siioni, macho yananiuma. Nilichosema kuhusu nyembamba ni kweli. Lakini doa sioni. Na hadithi nataka kujua inaishaje." Akatugeukia. "Jumatatu, saa nane, wote mnarudia. Nibu ya kati. Zipo stoo. Mkono achague mwenyewe." Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe hutagombea. Wewe utanifuata ofisini."

Wenzetu wakakusanya vitu vyao na kutoka haraka, kama watu waliosikia radi. Shoto alibaki akifuta dawati kwa kitambaa, mahali palipodondoka wino, ingawa palikuwa pameshakauka.

"Ulinifanyia mimi?" akauliza, bila kuinua macho.

Mlangoni mwalimu alikuwa ananisubiri. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshavaa na kuchana nywele, tayari kutoka.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa na hasira, hilo kweli. Lakini nilipokuwa naing'oa nibu sikukufikiria hata kidogo. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyowasimulia bwenini."