Kaya Mbili za Urazawa

Theluji ilipoangusha paa la Mzee Gonpei, Bi Kinuyo hakumwonea huruma hata chembe. Alikionea huruma kitongoji. Urazawa ile ya kaya themanini, ya viwavi wa hariri na matanuri ya mkaa, ilikuwa imebaki na kaya mbili tu: yeye na huyo kichwa ngumu. Ikibaki moja, halmashauri inalifuta jina kwenye ramani. Na mumewe amelala pale kilimani! Jina likifutwa, atakuwa amezikwa wapi?

Basi akamchukua kwake, akapigilia mbao katikati ya sebule. Milango miwili, masanduku mawili ya barua. Tangazo la kitongoji likifika, Kinuyo aligonga muhuri wake kuonyesha amelisoma, akavaa buti, akaizunguka nyumba nzima kwenye theluji kumpelekea jirani ambaye mkoromo wake aliusikia hatua mbili tu kutoka kitandani. Utaratibu ni utaratibu! Supu ya miso ya soya peke yake ndiyo iliyopitia tundu la ukutani.

Mwezi Machi akaja Bwana Nukada wa halmashauri kuhesabu kaya, faili kwapani.

"Milango nimeiona, mama. Lakini miaka thelathini, theluji ikianza kuyeyuka tu, unatuletea barua kumlalamikia jirani yako kuhusu maji. Mwaka huu kimya. Majirani gani hawa wasiogombana? Hii ni kaya moja."

Kinuyo akaona Urazawa inamponyoka. Akaupiga ukuta ngumi. "Wee Gonpei! Mwizi wa maji! Hebu toka nje!"

Gonpei akazunguka, akatokea na bakuli la supu mkononi. "Kelele za nini, bibi wewe? Jaruba lako lenyewe magugu matupu!"

"Magugu? Siku namzika mume wangu ulinifungia maji! Siku ile ile! Huna haya?"

Hilo hakuliigiza. Nukada akaacha kuandika.

Gonpei akalitazama bakuli lake. "Mvua ilikuwa kubwa," alisema polepole. "Wote mlikuwa makaburini. Nisingefunga lango la mfereji, miche yako yote ingesombwa."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ulikuwa hunisemeshi. Ulikuwa unaiandikia halmashauri."

Nukada akakohoa. "Sasa niandike nini?"

Kinuyo akajifuta macho kwa aproni. "Andika mbili. Mtu huyu siwezi kuishi naye hata siku moja." Akamgeukia Gonpei. "Na wewe pita mlango huu huu, supu inapoa."

Nukada akaandika mbili, akafunga faili upesi kabla hajaona zaidi.