Tonge la Albina

Daktari mpya aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama bila haraka.

"Bibi hana kifua kikuu," alisema. "Ni moyo. Umetanuka."

Rozina alimgeukia mama mkwe wake, Marsiana, aliyekaa benchini ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, kama alivyoagizwa. Tangu mavuno alikuwa akimeza vidonge vilivyogeuza mkojo wake kuwa mwekundu na kumtia kichefuchefu, na miguu ilizidi kuvimba.

"Daktari wa kwanza alisema ni TB."

"Alikisia. Mashine ya picha ilikuwa mbovu wakati ule."

"Hakusema anakisia. Alisema tumtengee vyombo, na wajukuu wasimsogelee."

"TB haiambukizi kwa sahani, mama. Nani aliwaambia mambo hayo?"

"Ninyi."

"Si mimi," alisema daktari, akamwita mgonjwa mwingine.

Ndani ya basi la kurudi kijijini Mpui, Marsiana alitazama nje ya dirisha njia nzima. Rozina alitamani hata atukanwe. Ni yeye aliyemhamishia bibi kwenye chumba cha mahindi, yeye aliyeitoboa sahani yake ukingoni kwa msumari isije ikachanganywa na nyingine. Siku moja bibi alijisahau, akamkatia Albina, mjukuu wake, tonge la ugali wa ulezi, akalibonyeza kwa kidole gumba kama alivyozoea. Rozina alilipangusa mkononi mwa mtoto likaanguka, kuku wakalidonoa. Tena alimkaripia bibi kwa sauti, makusudi, majirani wajue kwamba nyumba yake inafuata masharti ya hospitali. Sasa alikosa pa kuweka uso kwa aibu.

Jioni alipakua ugali kwenye sinia moja.

"Karibu, mama. Tule pamoja."

Marsiana alinawa, kisha akanawa tena. Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akamnyooshea mjukuu.

Albina alificha mikono mgongoni, akamtazama mama yake kuona kama amefanya vizuri.

"Pokea," Rozina alisema.

"Daktari alikataza."

"Daktari alikosea, mwanangu."

Mtoto aliuliza, "Yupi?"

Marsiana hakuushusha mkono. Tonge lilikuwa linapoa, na ugali ulianza kufanya ufa pale kidole kilipobonyeza.