Bima ya Wasusi

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa mambo mawili: mishahara iliyobaki itafuata, na bima ya afya inakoma mwisho wa mwezi. Mishahara haikufuata. Bima ilikoma siku ileile.

Mshonaji hakulia. Nyumbani alikuwa na mume, seremala wa zamani ambaye ugonjwa wa sukari ulimfifisha macho hadi akashindwa kupima ubao, na sasa aliishi kwa dawa ya sindano. Basi akavaa viatu vyake vya kutokea, akaanza kuzunguka kutafuta bima nyingine.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na kiyoyozi na bwana mmoja mwenye tai.

"Ugonjwa uliotangulia bima hatuulipii mwaka wa kwanza, mama."

"Sasa mwaka huo wote mgonjwa wangu atadungwa nini?"

Yule bwana alimtazama kwa huruma. Lakini huruma haidungwi kwa sindano. Ofisi ya pili walimtajia bei akacheka bila kupenda, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Ya tatu, mama mmoja nyuma ya kioo alimwonea imani.

"Nikung'ate sikio," alisema. "Peke yako hutaweza. Tafuta kikundi cha kazi kilichosajiliwa. Wanakatiwa kwa pamoja, kwa bei nafuu, na hakuna anayeuliza nani alianza kuumwa lini. Na mume anaingia. Hapa karibu kipo cha wasusi, kule sokoni."

Mshonaji alishusha pumzi. Mwenyekiti wa wasusi alimfahamu vizuri. Alikuwa mtalaka wa mumewe.

Alirudi nyumbani, na jambo lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Pengine lingekaa huko hadi leo, kama asingeingia chumbani asubuhi moja akamkuta mumewe anajidunga. Bomba la sindano lilikuwa na dawa nusu.

"Mbona nusu?"

"Leo sijisikii vibaya."

"Na jana?"

Seremala aligeuza uso ukutani. "Tangu kiwanda kifungwe," alisema. "Nilitaka idumu."

Mshonaji alijitanda khanga, akaenda sokoni.

Saluni ilinuka mafuta na nywele zilizoungua. Msusi, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, alikuwa akimsuka mteja na hakuinua kichwa.

"Karibu, bibie. Unasuka au unaosha?"

"Sisuki, dada. Nina shida."

"Sema."

Akasema yote, pale pale mbele ya mteja, maana hakuwa na nguvu ya kuomba faragha. Msusi aliendelea kusuka hadi mwisho wa mstari, akafunga fundo.

"Nilipotoka kwenye ile nyumba, sufuria zangu zilikuwa bado jikoni. Ukaingia ukapikia. Hukuuliza ni za nani?"

"Niliuliza. Akaniambia umezisusa."

"Kusuka ndiko ninakokujua, kususa sijawahi!" Mteja aliangua kicheko, na mdomo wa Msusi ukacheza kidogo kabla hajauzuia. "Sasa sikiliza. Siandiki mshonaji nikasema ni msusi. Watu wa bima hupita hapa kukagua. Wakikuta uongo watatufuta wote, na humu nina wajane, nina wenye mimba. Ukitaka, njoo usuke kweli. Kesho alfajiri."

"Sijui kusuka."

"Vidole si unavyo?"

Seremala aliposikia, aliwaka. "Bora nife kuliko kula fadhila za yule!"

"Kufa ni kazi yako, kuzika ni yangu," mkewe alimjibu, akivua viatu. "Na nguvu za kuzika sina. Tulia."

Aliuza cherehani yake ya nyumbani ili sindano ijae wakati wakisubiri, akaingia kwenye kazi ngeni kwake. Kitambaa ukikivuta hakilalamiki; kichwa cha mtu kinapiga kelele. Mteja wake wa kwanza aliruka kitini. Msusi alikuja akafumua, akaanza upya polepole, ili Mshonaji aone. Jioni miguu ya Mshonaji ilivimba, mabega yakawaka moto, na alichopata kikaingia kwenye mchango wa bima.

"Ninyi ni ndugu?" wateja waliuliza, wakiwaona wamesimama bega kwa bega.

"Tulipatwa na mkosi mmoja, kwa zamu," Msusi alijibu, na saluni yote ikacheka. Mshonaji naye alicheka, siku alizoweza.

Mkaguzi wa bima alimkuta ameshika kitana, kichwa cha mtu kimesukwa nusu. Aliangalia, akapita. Baadaye kadi zikatoka, yake na ya mumewe.

Hospitalini, daktari alimmulika Seremala machoni kwa muda mrefu. Dawa atapata, alisema. Jicho la kulia watalishikilia. La kushoto halitarudi.

"Mngekuja mapema," akaongeza.

Walikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa. Seremala aliigeuzageuza kadi, akaisogeza karibu na jicho la kulia.

"Aliwahi kuuliza habari zangu?" alisema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Hajauliza."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ananifundisha kusuka tu."

Seremala alitikisa kichwa taratibu, akaitia kadi mfukoni. Mshonaji aliegemeza kisogo ukutani. Kesho kulikuwa na maharusi, vichwa vinane, na Msusi alimtaka afike kabla ya jua. Alimwambia mumewe amwamshe wakiitwa, akafumba macho.