Shuka la Watu Wawili

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Nilijaribu siku ya kwanza pale kwa dobi, likaburuzika sakafuni likarudi kwenye mashine, na mwenye duka akanisemesha maneno ambayo nilishukuru kutoyaelewa. Kazi ile ina utaratibu wake. Wawili mnashika pembe, mnarudi nyuma mpaka kitambaa kinyooke, mnakung'uta, mnakutana katikati. Mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo ulioning'inia, mnarudi nyuma tena. Ukitazama kwa mbali utadhani watu wazima wanacheza ngoma bila mpigaji.

Mwenzangu wa kukunja alikuwa Katibu. Watu wa lugha yetu waliotawanyika katika mji ule walikuwa na chama chao, yeye akiwa katibu, na cheo kikamganda kama gundi. Mimi walinibatiza Mzee Begi, kwa sababu nguo zangu sikuwahi kuzitoa kwenye begi. Shule nimesoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, na nchi nimekaa nyingi kuliko madarasa. Lugha ya pale nilikuwa nayo ya sokoni tu: bei gani, asante, njia iko wapi. Katibu aliisema kama mtangazaji wa redio.

Mchana mmoja wa joto tuliacha mlango wa mbele wazi, tumeuzuia kwa kikapu cha nguo chafu, maana mvuke wa pasi ulikuwa unatuivisha kama viazi. Mwenye duka, mama wa pale pale, alikuwa chumba cha nyuma akigombana na mashine iliyogoma kumwaga maji. Nje ya mlango, hatua chache tu, ndipo kilipokuwa kituo cha basi.

Tukasikia kofi. Kofi la mtu mzima halihitaji mkalimani.

Mwanamume mwenye koti safi la kazini alikuwa amemkamata mwanamke mkono, juu ya kiwiko. Akampiga la pili. Mwanamke hakulia, alijishika mdomo tu. Kituoni palikuwa na watu. Mama mwenye kigari cha mtoto alikisogeza kando. Kijana mwenye mbwa akakaza kamba ya mbwa wake. Mama mmoja mwenye miwani ndiye aliyepaza sauti, akatoa simu mkobani akaiinua ili yule bwana aione.

Bwana aligeuka akacheka. Akainua kiganja, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ya pale, laini kabisa, ya mtu aliyeizoea. Akamvuta mwanamke kifuani, akambusu utosini. Kisha, kwa tabasamu lile lile, akamwambia kwa lugha yetu:

"Cheka. Cheka wakuone. Tukifika nyumbani ndipo utanitambua mimi ni nani."

Mwanamke akacheka.

Mama mwenye miwani akashusha pumzi, akairudisha simu mkobani. Mbwa akalegezewa kamba. Siwalaumu. Walichokiona wao ni watu waliokosana wakapatana. Hata mimi, ningekuwa sielewi, ningerudi kwenye shuka langu.

"Umesikia?" nikamwuliza Katibu.

"Sijasikia."

"Masikio yako yamechukua likizo?"

"Mzee Begi, hao nawajua," akanong'ona. "Yule ni mpwa wa mwenyekiti wetu. Chama kilishawaita. Tukawaweka kikao, bwana akaomba radhi mbele ya wazee, wakashikana mikono. Soda nilifungua mimi mwenyewe, kwa meno."

"Na hayo meno yako yalisaidia nini?"

"Wagombanao ndio wapatanao."

"Wale hawagombani. Mmoja anapiga, mmoja anapigwa."

"Haya, na kibali chako cha kukaa? Mwezi ujao unakwenda kuomba wakuongezee. Polisi wakija hapa, nani ataulizwa karatasi kwanza, wewe au mbwa? Ukiingilia ya mke na mume, jua likizama wao wamelala kitanda kimoja, wewe umebaki adui. Shika shuka hilo."

Alisema kweli. Kibali ndicho kilichokuwa kinaniweka pale, na kwa umri wangu begi lilikuwa limeanza kuwa zito. Lakini niliwaza hivi: macho pale kituoni yalikuwa mengi, ila masikio ya kulielewa neno lile yalikuwa ya kwangu na ya Katibu. Na Katibu ameshasema hajasikia.

Basi lilikuwa limeshaonekana kwenye taa za barabarani.

Kupigana na yule bwana nisingeweza, angenikunja mimi badala ya shuka. Na shuka lilikuwa bado mikononi mwangu, limening'inia. Nikamnyang'anya Katibu upande wake, nikatoka nalo nje.

"Binti," nikasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "hebu nishikie pembe hizi. Mwenzangu mgongo umemkamata."

Walishtuka wote wawili. Bwana alinitazama kichwa mpaka viatu. Halafu kile tulichofundishwa na mama zetu kabla ya kujua kuvaa suruali kikamtoka chenyewe:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Namwazima mwenzio kidogo tu. Shuka kubwa, na mikono yangu imepungua urefu."

Angesema nini? Huwezi kumpa mtu shikamoo kisha ukamfukuza kwa pumzi ile ile. "Basi letu linakuja, mzee," akasema.

"Basi si mchumba, baba. Likiondoka hili, litakuja jingine."

Binti alikuwa ameshashika. Mikono ilishika yenyewe, kama mikono ya mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye vitanda. Nikarudi nyuma kuelekea mlangoni, shuka likanyooka kati yetu, na mumewe akabaki upande wa pili wa kitambaa. Tukakung'uta. Akaja mbele kunipa pembe. Tone la damu lilikuwa limetoka mdomoni likadondoka kwenye pindo.

"Nitachafua shuka," akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Hapa ni kwa dobi, mwanangu. Uchafu ndio unaotulisha."

Akaokota mkunjo. Nikarudi nyuma tena, mguu mmoja ukawa ndani. Yule mama mwenye miwani alikuwa anatutazama kwa kustaajabu, na sishangai: mzee kikongwe na mwanamke aliyetoka kupigwa, wanakunja shuka katikati ya njia ya watu.

Tulipokutana tena nikamwuliza polepole, "Unataka kwenda naye?"

Akachukua mkunjo, akavuta. Basi likasimama, milango ikafunguka kwa pumzi yake.

"Twende," mumewe akaita. Safari hii hakutabasamu.

Shuka lilikuwa limebaki dogo kama mto. Alikuja mpaka kwangu, na tulikuwa tumeshaingia ndani, vidole vyake juu ya vyangu. "Mzee," akasema, "funga mlango."

Nikakipiga kikapu teke. Mlango ukajifunga, nikasukuma komeo.

Bwana akaanza kugonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. "Mzee! Nimekuamkia kwa heshima, nawe unaniibia mke?"

"Umeona?" Katibu alikuwa ametoka jasho. "Umeona ulichofanya? Sasa tufanye kiutu uzima. Tumwingize, tuwape viti, kila mmoja aseme yake, tuwasuluhishe hapa hapa. Ni ndugu yetu, si mwizi." Akaenda akashika komeo.

"Kaka Katibu," binti akasema.

Alikuwa ameegemea meza ya kupigia pasi, shuka kalikumbatia kifuani. Alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayeelekeza mtu nyumba.

"Siku ile ya kikao wewe ndiye uliyeniambia nimeze, nyumba ina mengi. Nikameza. Tulipofika nyumbani alinipiga kwa kuwa nimemwaibisha mbele ya wazee. Alisema nimemnywesha soda ya aibu. Kabla ya kikao chenu alikuwa ananipiga mgongoni. Baada ya kikao ndipo alipoanza usoni."

Katibu hakufungua. Mkono hakuuondoa pia. Alisimama pale ameshika chuma, na mlango ukimtikisa bega kila ulipogongwa.

Mwenye duka akatokea nyuma, maji yanamchuruzika mikononi. Akatazama mdomo wa binti, akautazama mlango. Hakutuuliza kitu. Alijifuta mikono kwenye aproni, akapiga simu.

Polisi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume. Tulipofungua, bwana alikuwa ameshafika mbali katika maelezo yake, tabasamu limerudi. Mama mwenye miwani alikuwa ameliacha basi liondoke. Akaeleza alichokiona, na kwa mikono yake nilifuata: amempiga, lakini baadaye amembusu, mwanamke mwenyewe akacheka. Polisi mwanamke akamgeukia binti akamwuliza. Binti alikuwa na maneno machache kuliko hata mimi. Ndipo mumewe akasogea, mpole, akajitolea kumtafsiria mkewe.

Nikajaribu. Nikasema nyumbani, nikasema piga, nikaonyesha ngumi. Kwa maneno ya kununulia samaki huwezi kusimulia kitisho. Polisi alinisikiliza kwa adabu, akamrudia bwana.

"Katibu," nikasema. "Mwambie alichosema huyu."

"Nimeshakwambia sijasikia."

"Basi nakusikilizisha sasa. Alisema, tukifika nyumbani ndipo utanitambua."

Mume akamwangalia. "Katibu, ndugu yangu," akasema taratibu, "mjomba anakusalimu."

Pasi ikatema mvuke. Binti hakumwomba Katibu. Hakumtazama hata. Alikuwa anatazama mlango, uliokuwa wazi, na kituo, na basi jingine likija.

Katibu akakohoa. Kisha akasema na polisi kwa ile sauti yake ya redio, neno moja moja, kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. Nikajua amelifikisha neno lile, kwa sababu mama mwenye miwani alifunika mdomo na akaitazama simu yake mkobani kama imemuuma. Katibu hakuishia hapo. Aliendelea, akajigusa kifua, akaonyesha meno yake. Neno soda nililisikia mara mbili; kwao nao ni soda.

"Umetuuza," mume akasema kwa lugha yetu. Polisi mwanamume akamshika mkono, juu ya kiwiko.

Binti aliuliza jambo moja tu, na Katibu akalitafsiri: mtoto yuko shuleni, nani atamchukua. Mwenye duka akavua aproni. Wakaondoka wote, yeye, binti na polisi mwanamke, kwenda kumchukua mtoto. Kabla ya kuingia garini, polisi yule aliniomba kitambulisho. Akakitazama mbele na nyuma, akanitazama mimi, akanirudishia.

Binti na mtoto walipelekwa kwenye nyumba ya wanawake ambayo anwani yake hatukuambiwa, na ilikuwa sawa tusiambiwe. Chama kilikaa kikao, kikachagua katibu mwingine, ingawa jina lilibaki kwa yule yule. Mimi nikaitwa mvunja nyumba za watu. Mtu mmoja wa kwetu alinikuta sokoni akavuka barabara. Na kibali hakikuongezwa. Hawakusema ni kwa sababu ya siku ile, hawakusema si kwa sababu ya siku ile. Ofisi zile hazina desturi ya kueleza. Katibu alinitazama, nami nikamwambia asithubutu kusema alinionya.

Siku yangu ya mwisho pale kazini tulikuwa tunakunja mashuka ya nyumba ya wageni, bila mazungumzo, mlango wazi na kikapu mahali pake. Binti akaingia. Mdomo ulikuwa umepona. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee. Niliondoka na mali yenu. Nilifika kule ndipo nikaona bado nimelishika."

Lilikuwa shuka lile. Limefuliwa, limekunjwa pembe kwa pembe. Katibu alilipokea, akalifungua pindo akaliangalia. Pale pa damu palibaki alama ya rangi ya chai.

"Halikutoka lote," binti akasema. "Nimejaribu."

"Ni letu hilo sasa," akasema Katibu. "Wageni hawatalilalia."

Nilikuwa natazama mikunjo. Haikuwa ya mtu mmoja, hata kidogo. "Nani amekushikia upande wa pili?" nikauliza.

"Mwanangu," akasema. "Hafiki juu. Imebidi mimi nipige magoti."

Akamuaga Katibu, akaniaga mimi, akatoka. Alilipita basi lililokuwa limesimama kituoni, akaenda kwa miguu upande mwingine. Tulishika shuka lililofuata.