Kisu Kilichokwenda Kuvuna

Jumapili, tarehe 24 Agosti 2025. Asubuhi ilikuwa na ukungu juu ya Mto Tana, kisha manyunyu yakanyesha kwa muda wa robo saa na upepo wa kusi ukayapeleka kwingine. Enos Pekeshe, mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja chini ya Minjila, alivaa shati lake jeupe, akachomeka kisu chake kwenye ala ya ngozi kiunoni, akaenda kanisani.

Kilikuwa kisu kidogo. Bapa lake halikuzidi urefu wa kidole cha kati, na kazi yake ilikuwa moja, kukata masuke ya mpunga, suke baada ya suke, kama walivyovuna wazee wake. Kanisani kwao Jumapili ya mwisho kabla ya mavuno kila mwenye shamba hupeleka kisu chake mbele, mchungaji akaviombea vyote pamoja. Baada ya hapo havitumiki mpaka Jumatatu, kwa sababu Jumapili ni ya Bwana.

Mpunga wa Enos ulikuwa umeiva. Mpunga ulioiva haungoji zaidi ya wiki moja. Usipokatwa, ndege huula juu na unaobaki hupukutika wenyewe matopeni. Mafuriko yaliyopita yalikuwa yameondoka na mbegu zote za akiba. Kwa hiyo kilichosimama shambani ndicho chakula cha nyumba yake mpaka mwaka ujao, na ndiyo mbegu.

Aliporudi kutoka ibadani alikuta polisi wameweka kizuizi barabarani. Koplo Laban, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimwangalia kiunoni.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Kisu cha mpunga, afande."

"Mpunga uko hapa barabarani?"

"Uko shambani. Natoka kanisani."

"Kanisani na kisu. Ulienda kumtahiri nani?"

Askari wengine wakacheka. Enos naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Kilikuwa kinaombewa."

"Sawa. Na sasa unaenda kuvuna?"

Hapa ndipo Enos alipokosea. Mtu mwingine angesema ndiyo, akaenda zake.

"Hapana, afande," alisema. "Leo ni Jumapili. Siwezi kuvuna."

Koplo Laban alihema. "Mzee, sheria inataka sababu halali. Mimi nakupa sababu kwa kijiko, wewe unafunga mdomo."

Wakati huo gari kubwa jeupe lilipita likielekea pwani. Juu ya dashibodi yake palilala kisu cha kuwindia, kirefu kama mkono wa mtu kutoka kiganja mpaka kiwiko. Askari alinyanyua kizuizi na kupunga mkono.

Chini ya kibanda cha kizuizi, ambako Enos alipelekwa baada ya kuvuliwa kisu, alikuwa ameketi mfugaji wa Kiorma jina lake Guyo, kisu chake nacho kimeshachukuliwa. Yeye aliulizwa sababu akasema anakibeba kwa ajili ya ng'ombe atakayeanguka, apate kuchinjwa kabla hajafa.

"Ng'ombe gani ameanguka?" aliuliza koplo.

"Bado."

"Bado si sababu."

Jumatatu walisomewa shtaka moja, kuwa na silaha mahali pa umma bila sababu halali. Wote wawili walikana. Mahakama ilitaka mdhamini mwenye hati ya shamba. Mashamba ya upande ule yamelimwa tangu enzi za mababu, lakini hati hayana, na ng'ombe hawakubaliwi kuwa hati. Wakarudishwa mahabusu mpaka Ijumaa. Visu vikafungwa lebo na kuwekwa kwenye kabati la chuma, na Koplo Laban akatia ufunguo mfukoni.

Wakulima na wafugaji wa kule hawajazoea kulala chumba kimoja. Enos alichukua pembe moja ya seli na Guyo pembe nyingine. Enos alipopiga magoti kuomba, Guyo alinyamaza. Guyo alipoelekea kibla, Enos alivuta miguu yake kumpa nafasi.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi kisu cha Enos hakikuwamo kabatini. Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koplo. Saa tano kilirudi, lebo yake imelowa, bapa lina matope na makapi ya mpunga. Koplo Laban alifungua kitabu cha matukio akaandika: "Kielelezo namba moja kimetoka saa kumi na mbili. Kimerudi saa tano. Kina matope." Mkuu wa kituo alisoma, akamwambia aongeze kwamba kufuli halikuvunjwa. Akaongeza.

Adhuhuri Dinah, mke wa Enos, alileta chakula.

"Baba Lorna, kisu kimefika shambani saa kumi na mbili na nusu."

"Kimeanzia wapi?"

"Upande wa mto."

"Vizuri. Huko ndiko ndege wako wengi." Enos alivunja kipande cha sima. "Kinakata chini sana au juu?"

"Kinakata vile wewe unakata. Lakini kinaangusha tu, Baba Lorna. Hakina mkono wa kushika. Nimekuta masuke yamelala kwenye maji."

"Basi ukifuate nyuma. Waite na akina mama wa kwaya."

"Wameshakuja. Mama Teresia anakiimbia, anasema kikisikia wimbo kinakaza mwendo. Mimi sijaona tofauti."

Ikawa hivyo. Kila alfajiri kisu kiliondoka kituoni, kikapita kizuizini bila kusimamishwa, kikashika barabara ya Garsen kwa kimo cha kiuno cha mtu, kisha kikakata kushoto kuelekea mtoni. Nyuma yake wanawake waliokota masuke, wakafunga miganda, wakaibeba kwa vichwa mpaka mahali pakavu. Koplo Laban alikuwa akiwaambia askari vijana, "Hicho hakijawahi kuchelewa kazini. Jifunzeni."

Jumatano cha Guyo nacho kiliondoka, saa nne. Kilirudi jioni, kisafi kabisa.

Guyo alikitazama kupitia mlango wa seli, akakaa chini. Baadaye dada yake Asli alifika na kibuyu cha maziwa.

"Ni yule mtamba mwekundu," alisema. "Amenasa kwenye tope la mkondo wa zamani. Mimi nilikuwa mbali na ndama. Nilipofika alikuwa ameshakufa, na kisu chako kimesimama kando ya shingo yake."

"Hakikukata."

"Hakikukata. Kingesema nini, Guyo? Hakina mdomo."

Enos, aliyekuwa kwenye pembe yake, aliuliza kwa sauti ndogo kama nyama ingeweza kuliwa. Guyo akamweleza bila hasira. Mnyama huchinjwa kwa jina la Mungu, na jina hilo hutajwa na mtu. Kisu kinaweza kufika kwa wakati, kikangoja mpaka pumzi ya mwisho, na bado nyama ikawa ya tai.

"Kwa hiyo kilikuwa kinakungoja wewe," alisema Enos.

"Kilikuwa kinaningoja mimi."

Enos alisogea kutoka kwenye pembe yake, akamwekea sima nusu. Guyo akammiminia maziwa. Usiku ule Enos aliomba akimtaja mtamba, na kwa kuwa hakujua jina lake alisema tu "yule mwekundu", na Guyo alisikia.

Ijumaa mahakama ilikuwa imejaa. Dinah alikuwepo na akina mama wa kwaya, na Asli na wajomba zake wawili. Mpunga ulikuwa umekatwa wote isipokuwa kipande kidogo karibu na migomba. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani na mafua. Alimwamuru Koplo Laban asome kitabu cha matukio, naye akasoma siku zote nne bila kuruka mstari.

"Katika safari hizi," aliuliza hakimu, "kuna mtu alionekana amekishika?"

"Hapana, mheshimiwa. Kilikuwa peke yake."

"Barabara ya umma?"

"Ya umma, mheshimiwa."

Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa ameshafungua kitabu cha sheria. Alisema sheria inamtaja mtu yeyote atakayepatikana na silaha. Kisu kinachokwenda chenyewe si mtu, wala hakijapatikana na kingine. Upande wa mashtaka haukuona kosa katika safari hizo.

"Mahakama inakubali," alisema hakimu, akapenga kamasi.

Guyo aliulizwa kama ana la kusema. Alisimama.

"Mheshimiwa, koplo aliniambia bado si sababu. Mtamba alinasa Jumatano. Ningekuwa nje na kisu changu, watu ishirini wangekula. Sasa sababu imekuja, nami niko ndani."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso alionekana kama mtu aliyelala kidogo.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini mahakama huuliza sababu ya saa ile mtu alipokamatwa. Jumapili hakukuwa na ng'ombe aliyenasa. Jumapili mshtakiwa wa kwanza hakuwa anavuna, na alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe."

"Nilisema kweli, mheshimiwa," alisema Enos.

"Hilo ndilo limekutia hatiani, mzee. Nasikitika."

Aliwakuta wote wawili na hatia, akawaachilia kwa sharti moja, kwamba kwa miezi kumi na miwili wasionekane na kisu nje ya nyumba zao. Visu vyenyewe vitarudishwa, kwa kuwa havikuwa na kosa. Kila mmoja aahidi kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa pale, na karani aandike.

Kwenye benchi la nyuma wanawake watatu waliokamatwa asubuhi hiyo kizuizini, na visu vyao vya kukatia ndizi, walikuwa wakingoja zamu yao. Mmoja alikuwa ananyonyesha.

Guyo aliahidi kwanza, kwa maneno machache, akiwa ameinamisha macho. Kisha Enos akasogea mbele. Alivua kofia. Aliwatazama akina mama wa kwaya, ambao mikono yao bado ilikuwa na mikwaruzo ya majani ya mpunga. Akamtazama Koplo Laban, na Asli, na wale watatu wa benchi la nyuma. Akainua mkono wa kulia.

"Mimi Enos Pekeshe naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Kwa miezi kumi na miwili sitabeba kisu nje ya nyumba yangu. Kikienda shambani kitatangulia, nami nitakifuata na mikono mitupu, nikusanye. Na siku nikiona kisu cha Guyo kinapita kwangu kuelekea kwenye tope, iwe ni Jumapili, iwe niko katikati ya sala, nitaacha nilichoshika na kukimbia kumwita mwenyewe, afike na kinywa chake ng'ombe akiwa bado anapumua."