Hakuna Ugali wa Kuvuta Mtumbwi

Mwezi mmoja kabla ya uhuru, agronomu, bwana shamba wa serikali, alifika Rumonge akatuambia kuna mswada wa sheria huko Usumbura, mji mkuu. Msitu ulio juu ya kijiji cha Gatete uachwe kama ulivyo: mtu asikate, asichome, asilime. Mswada ungejadiliwa baada ya bendera kupandishwa. Alidhani ametuletea habari njema. Wanaume wetu walisikia jambo moja tu, kwamba bado kuna muda wa kukata.

Wa kwanza kunoa shoka alikuwa mume wangu Mulamba, mchonga mitumbwi. Mtumbwi wake wa kuvulia samaki ulikuwa umeoza, na bila mtumbwi hatuli. Hilo nilijua vizuri. Lakini mti alioutaka ni mvule mkubwa unaofunika chemchemi yetu. Mwaka uliopita walikata ule wa chemchemi ya pili, na pale sasa ni vumbi tupu. Nilimwambia. Akajibu kwamba maji ni kazi ya Mungu. Sawa, nikasema, na ndoo ni kazi ya nani?

Kwetu mtumbwi huchongwa msituni, halafu wanaume wa mtaa mzima huuvuta kwa kamba hadi ziwani. Hawavuti bure. Siku hiyo wake zao hupika ugali na samaki wa mukeke, na pasipo chakula hicho hakuna anayeshika kamba. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikasema na wanawake. Wote walikubali.

Mulamba alipokuja kutangaza siku ya kukata na siku ya kuvuta, alitukuta tumekaa kwangu, mikono mapajani.

"Mama Esha, muko na nini, nyie bamama?"

"Kata tu, Baba Esha. Lakini utauvuta peke yako."

"Na utakula majani yake!" akaongeza jirani yangu Zuwena, mtu asiyejua kunyamaza.

Alininunia siku kadhaa. Kisha nikamkuta kwenye ile chemchemi iliyokauka, amechuchumaa, anapapasa udongo. Nami nikachuchumaa kando yake.

Agronomu aliporudi kuchukua maoni ya watu, wanaume walimsukuma Mulamba mbele akaupinge mswada.

"Miye niko muchonga mitumbwi," akasema. "Mufunge ule musitu. Lakini njia ya bamama ya kwenda maji muiache wazi. Andika hivyo."

Wanaume waliguna. Agronomu akaandika. Niliona fahari, nikamwonea na huruma, maana nilijua amejinyima nini.

Kama mswada utapita, hakuna aliyejua. Mulamba hakungoja. Alikwenda kwa Uledi, fundi wa mashua za mbao zisizohitaji gogo zima, kufundishwa kupigilia misumari, yeye mwenye mvi. Siku ya kwanza akajigonga kidole gumba, akatukana hadi Uledi akaziba masikio. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaenda nikamshikia ubao.