Kichocho Mara ya Tatu

Mkulima wa mpunga alipoona damu kwenye mkojo wake kwa mara ya tatu, hakumwambia mkewe. Mara ya kwanza mama watoto alinuna wiki nzima akidhani ni gonjwa la nje ya ndoa, mpaka tabibu alipomweleza kuwa kichocho ni vijidudu vya majini vinavyopenya ngozini.

Safari hii aliaga anakwenda kwa fundi majembe. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kila alipochepuka kichakani alihisi anakojoa pilipili. Kwenye benchi akamkuta shemeji yake, kofia imemfika machoni.

"Shemeji, wewe umeaga unakwenda wapi?"

"Kwa fundi majembe."

"Mimi kwa fundi viatu."

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Tabibu akamhesabia vidonge, vikubwa na vichungu kama shubiri, akasimama kumwangalia akivimeza.

"Mzee, nikwambie mara ngapi? Usiingie majini."

"Sasa daktari, mpunga nikaupande juu ya paa?"

"Vaa mabuti."

"Nilivaa. La kushoto tope lilinivua, mpaka leo limo humo humo."

"Na vyoo mlichimba?"

"Sisi tulichimba. Wa kule juu hawakuchimba, na mfereji unaanzia kwao."

Tabibu alifunga daftari taratibu. "Basi tutaonana," akasema, wala hakuwa anatania.

Mkulima alirudi jua linapinduka, kichwa kinamzunguka kwa dawa. Mkewe alikuwa mlangoni anafunga miche mafungumafungu.

"Jembe liko wapi?"

Akatazama mikono yake mitupu. Mkewe akainamia miche yake. "Na mimi naona damu, baba. Tangu mwezi uliopita. Niliogopa utanifikiria vibaya."

Maneno hayo yalimkata maini. "Kesho alfajiri nakupeleka zahanati."

"Kesho ni zamu yetu ya maji. Tukiikosa, mpaka wiki mbili. Miche nimeshaing'oa, itanyauka, na watoto watakula nini?"



Asubuhi mkewe alipandisha gauni, akaingia shambani wa kwanza. Yeye alisimama tutani, miguu mikavu, akamwona anainama peke yake, mkono mmoja kiunoni. Akakunja suruali, akamfuata. Maji yalikuwa vuguvugu, yakamfika magotini.